Panda Mti Ambao Mtoto Ataupanda

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo kwa wazazi na walezi kuhusu uchaguzi wa mti wa nyumbani. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili. Mama anapochimba shimo, akatia mbolea ya boma na kuuweka mche, watu husema anapanda mti. Miaka michache baadaye mwanawe anapoushika mti ule ule kwa mikono na miguu hadi tawi la tatu, watu husema naye anapanda mti. Kazi ya kwanza hufanywa kwa mpango: mzazi huuliza bei ya mche, faida ya mbao, kuni na matunda. Kazi ya pili haina anayeipangia. Mtoto huupanda mti alioukuta bomani, uwe mzuri au mbaya.

Mazungumzo haya yana neno moja tu la kusema. Anayepanda mti karibu na nyumba amfikirie pia mtoto atakayeukwea, na achague mti huo kama anavyochagua mbegu ya mahindi: kwa kuujua, si kwa kuuokota popote.

Wakati wa kulisema neno hili ni sasa. Tangu Desemba 2022 nchi nzima imo katika kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, kwa lengo la kufikisha eneo lenye miti katika asilimia 30 ya nchi. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitengwa kuwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Miche inagawiwa shuleni, makanisani, misikitini na kwenye mabaraza. Mingi itaishia mabomani. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa tena na tena, na boma nyingi zina nafasi ya miti michache tu. Anayekosea kuuchagua mti wa uani huenda asipate nafasi ya kupanda mwingine.

Marufuku peke yake haitoshi

Wazazi wengi wana jibu fupi: mtoto asipande mti kabisa. Jibu hilo linaeleweka. Kila msimu wa mapera na maparachichi huleta watoto waliofungwa mikono kwa bendeji, na si wote wanaopona vizuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka kwa namna mbalimbali. Kuanguka si jambo la kuchekwa.

Lakini mtoto aliyekatazwa haachi kupanda. Huenda kupanda mbali na macho ya mkubwa. Huuacha mpera wa nyumbani ambao nyanya yake angemwona akiwa jikoni, akaenda kwa jirani kwenye mparachichi wa mita 12, au kando ya mto kwenye mti asioujua. Akianguka huko, wenzake wanaogopa kusema, na saa moja au mbili hupita kabla ya habari kufika nyumbani.

Lipo pia jambo la haki. Katika boma nyingi msichana hukatazwa kupanda mti kwa kuwa ni msichana. Matokeo yake ni kwamba siku anapopanda kwa siri anapanda bila kujua namna ya kushika wala namna ya kushuka. Mwili wa mtoto hujifunza kupima umbali, uzito na nguvu za tawi kwa kufanya, kidogo kidogo, akiwa chini chini. Mtoto aliyejifunza kwa mti mfupi ulio salama ndiye anayeutazama mti mbovu na kuupita.

Kwa hiyo swali la maana kwa mzazi ni hili: watoto wataukwea mti gani, na uko wapi?

Mti unaofaa una sifa gani

Sifa ya kwanza ni panda la chini. Mti wa mtoto hugawanyika matawi karibu na ardhi, kati ya magoti na kifua cha mtu mzima. Mti wenye shina refu lisilo na tawi humlazimisha mtoto kuukumbatia na kujivuta, na akifika juu hana njia ya kushuka.

Sifa ya pili ni tawi linalopinda kabla ya kuvunjika. Mbao za miti hazifanani. Zipo zinazolalamika, zikayumba na kumpa mtoto muda wa kurudi nyuma. Zipo nyingine zinazokatika ghafla kama bua kavu la mahindi, bila onyo.

Sifa ya tatu ni pembe ya tawi. Tawi lililotoka kwa pembe pana, kama mkono uliokunjuliwa, limeshikana vizuri na shina. Matawi mawili yaliyobanana kama herufi V nyembamba yana gamba lililonaswa katikati, na hapo ndipo mti hupasuka siku ya upepo au ya uzito.

Sifa ya nne ni kutokuwa na miiba, sumu wala utomvu mkali.

Sifa ya tano ni ukubwa unaolingana na uwanja. Mti mzuri kando ya shamba la ekari tano unaweza kuwa hatari ukiwa hatua sita kutoka kwa paa la mabati.

Miti ya Kakamega, mmoja mmoja

Mpera ndio wa kwanza kwa boma ndogo. Hukua mfupi, hutoa mashina kadhaa kutoka chini, na mbao zake ni ngumu na zinapinda. Watoto wanalijua hilo bila kufundishwa: wakitafuta panda la manati hukata la mpera. Mafundi wa mipini nao huupenda. Huanza kuzaa ukiwa na miaka michache, hivyo aliyeupanda mtoto akiwa mdogo ataona mtoto yuleyule akiukwea. Kasoro yake ni gamba laini, ambalo huteleza sana likilowa. Kasoro ya pili ni tunda lenyewe: pera lililoiva huwa mwisho wa tawi, mahali tawi lilipo jembamba. Dawa yake ni upondo wenye kingoe mwishoni, uwekwe hapo hapo chini ya mti, ili mtoto avute tunda badala ya kulifuata.

Mwembe ni mti wa watoto tangu zamani, una shina nene na matawi mapana yanayobeba. Kaunti hii inaanzia karibu mita 1,240 juu ya usawa wa bahari hadi takriban mita 2,000, na mwembe hustawi zaidi katika sehemu za chini zenye joto, kama Mumias, Matungu na Navakholo, kuliko sehemu za juu. Mwembe uliotokana na kokwa huwa mkubwa mno kwa uwanja mdogo. Uliopandikizwa hubaki mfupi, na ndio unaofaa kwa nyumba ya siku hizi. Utomvu wake huwasha ngozi, kwa hiyo mtoto afundishwe kutovunja vikonyo vya maembe mabichi karibu na macho.

Mlokwati, unaopandwa katika boma nyingi kwa matunda yake ya manjano, ni wa kadiri: si mrefu, hugawanyika mapema, na majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja. Unafaa kwa watoto wadogo wasiovuka tawi la pili.

Mukhuyu, yaani mkuyu, ni mti wenye shina fupi na matawi makubwa yanayolala. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Zakayo, mtu mfupi aliyetaka kuona juu ya vichwa vya watu. Aliuchagua mkuyu, na mtu yeyote anayeutazama mti huo anaelewa kwa nini aliweza kuupanda. Lakini mkuyu ni mti wa kando ya mto na wa uwanja mpana. Pamoja nao uko mutoto, jamaa yake, ambao hupandwa kwa kipande kinene cha tawi kilichochomekwa ardhini mwanzoni mwa mvua. Uganda, mti huo huo huitwa mutuba, na gamba lake ndilo linalotengenezewa nguo za magome za Buganda. Yote miwili hutoa kivuli kizito na matawi manene. Mizizi yake hutambaa mbali, hivyo isipandwe karibu na msingi wa nyumba, choo cha shimo wala tangi la maji. Mahali pake ni uwanja wa shule, kanisa, soko au shamba la ukoo lililobaki na nafasi.

Sasa ile isiyofaa kukwewa, hata kama ina faida nyingine.

Mparachichi, au avokado kama wengi wanavyouita, ni mali. Lakini mbao zake ni laini na hukatika upesi. Mti wa zamani uliokua bila kupogolewa hupita paa, na matunda yake bora huwa juu kabisa. Mwenye miparachichi aiweke mifupi kwa kuipogoa, achume kwa upondo wenye mfuko, na aseme waziwazi kwamba huo ni mti wa biashara, si wa michezo.

Mgrevilea hukatwa matawi kila mara kwa ajili ya kuni, na mkataji huacha visiki vifupi kama vidato vya ngazi. Visiki hivyo hukauka na kuoza kwa ndani huku kwa nje vikionekana vizima. Mtoto huviamini na kuvikanyaga.

Mkaratusi una shina refu laini, na matawi yake makavu huanguka yenyewe hata siku isiyo na upepo. Si mti wa kukaa chini yake, sembuse juu yake.

Mti wa maua mekundu kama moto, unaojulikana na wengi kwa jina la Nandi flame, una mbao nyepesi zinazovunjika katika upepo. Nao mpapai ni bomba lenye uwazi ndani, haubebi mtoto hata siku moja.

Mwisho ni mimea ya ua. Mnyaa una maziwa yanayochoma macho vibaya. Mbarika una mbegu zenye sumu, na thevetia, ile yenye maua ya manjano kama kengele, ina sumu katika kila sehemu yake. Mahali penye watoto wanaokwea na kuonja, mimea hii isiwe chini wala kando ya mti wao.

Mahali pa kuupanda

Mti mzuri mahali pabaya ni mti mbaya. Mzazi asimame pale anapotaka kuchimba shimo, atazame juu, chini na pembeni.

Juu asiwepo waya wa umeme. Mti usipandwe chini ya nyaya wala karibu nazo, kwa kuwa tawi bichi lililogusa waya huweza kupitisha umeme hadi kwa aliyelishika. Waya wa kuvuta umeme kwa jirani kupitia matawi ya mti ni hatari ileile, tena kubwa zaidi, kwa kuwa upo chini.

Chini pasiwe na vitu vya kuumiza. Mtoto aliyeanguka mita moja na nusu juu ya udongo laini mara nyingi huinuka na kujipangusa. Akianguka kimo hicho hicho juu ya seng'enge, ncha za ua wa miti, visiki vya mabingobingo, mawe ya jiko la nje au ukingo wa saruji, habari ni nyingine. Ng'ombe asifungwe chini ya mti huo, na kisima kisichofunikwa kisiwe karibu.

Pembeni pawe na macho. Mahali pazuri kuliko pote ni pale panapoonekana kutoka mlango wa jikoni au kibarazani, kwa kuwa hapo ndipo mtu mzima huwa kwa muda mwingi. Mti wa mpakani huleta ugomvi wa matunda, na mtoto akianguka upande wa pili, ugomvi huo hugeuka kesi.

Wanaoishi karibu na Msitu wa Kakamega, hasa Shinyalu na Malava, waongeze jambo moja. Msitu huo ni wa mvua, wa jamii ya misitu ya Kongo, na nyoka wanaoishi mitini wamo. Mti wa nyumbani usiachwe ukashikana na kichaka wala na ua mnene. Mashimo ya shina yakaguliwe kwa macho kabla ya msimu wa michezo, na mzinga wa nyuki usitundikwe juu yake.

Kuulea mti tangu mche

Mti wa kukwea haujitokezi wenyewe, hulelewa. Mche wa mwembe au mpera ukifika kimo cha kiuno, ncha yake ikatwe ili utoe matawi chini. Katika yatakayotoka, yaachwe matatu au manne yanayoelekea pande tofauti, yakipishana kwa kimo, yenye pembe pana. Mengine yaondolewe yakiwa bado membamba kama kidole. Kazi hiyo ni ya dakika kumi kwa mwaka, na ndiyo inayoamua kama miaka kumi baadaye mti utakuwa ngazi au mtego.

Kila kiangazi cha Januari na Februari, kabla mvua ndefu hazijaanza, mti ukaguliwe. Gamba likikwaruzwa kwa ukucha na chini yake pakawa na rangi ya kijani, tawi liko hai. Pakiwa pakavu na kahawia, likatwe. Uyoga unaoota kwenye shina ni dalili ya kuoza ndani. Njia za udongo za mchwa zifuatwe hadi mwisho wake. Tawi linapokatwa, likatwe karibu na uvimbe ulio penye shina bila kuuchubua uvimbe wenyewe, na kisiki kisiachwe, ili jeraha lijifunge.

Dungu la watoto

Watoto wengi wakishakuwa na mti wao huanza kuomba nyumba juu yake. Jambo hilo si la kigeni. Wakulima wa Kiswahili walikuwa na jina la jukwaa la juu la kulindia mazao dhidi ya ndege na nyani: dungu. Vijana walikaa humo tangu alfajiri wakirusha mawe kwa kombeo. Nyumba ya mtini ya watoto ni dungu la mchezo.

Kenya inayo pia nyumba ya mtini iliyojulikana duniani kote. Treetops, karibu na Nyeri, ilifunguliwa mwaka 1932 juu ya mugumo mkubwa, mti wa jamii ya mkuyu. Februari 1952 binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala humo usiku ambao baba yake alifariki, akawa malkia. Nyumba hiyo ilichomwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, na iliyojengwa baadaye ilisimamishwa juu ya nguzo. Hapo pana funzo kwa boma la kawaida: mti utoe kivuli na matawi ya kushika, lakini uzito ubebwe na nguzo.

Nguzo nne za lusiola zinatosha, kwa kuwa mbao zake huvumilia mchwa kuliko nyingi. Sakafu isizidi mita moja na nusu kutoka ardhini kwa watoto wa shule ya msingi, na iwe chini zaidi kwa walio wadogo. Shina likipita katikati ya sakafu, paachwe mwanya wa viganja viwili kila upande, maana mti hunenepa na kuyumba. Ukingo uzunguke pande zote hadi kifuani kwa mtoto, na mianya kati ya fito zake isizidi sentimita 9, ili kichwa kisipite na kunaswa. Ngazi ifungwe imara juu na chini. Mabati yaliyokatwa yasitumike mahali mikono inapofika.

Shina lisipigiliwe misumari kila mahali, na lisizungushiwe waya uliokazwa. Waya huo huzama katika gamba mti unaponenepa na kuunyonga polepole. Kamba za kuning'inia zenye kitanzi zisiwepo kabisa, kwani shingo ya mtoto hunaswa kwa sekunde chache.

Chini ya dungu na chini ya matawi, ardhi ilainishwe. Kaunti ya miwa haikosi makapi ya miwa, na mafundi wa mbao hawakosi maranda. Yatandazwe kina cha sentimita 30 hivi, yafike mita mbili kutoka ukingo kila upande, yasishindiliwe, na yageuzwe kila wiki ili wadudu na nyoka wasifanye makao. Yasigusane na shina wala nguzo, kwa ajili ya mchwa.

Sheria za mti

Watoto hushika sheria chache zilizo wazi kuliko makaripio mengi. Hizi zinatosha.

Mikono miwili na miguu miwili ni vinne, na vitatu viwe vimeshika kila wakati. Kinachohama ni kimoja tu.

Tawi la kukanyagwa lisiwe jembamba kuliko kifundo cha mkono cha mtu mzima, na mguu ukanyage karibu na shina.

Hakuna kitu mkononi wala mdomoni. Panga halipandi mti na mtoto, wala muwa.

Leso, skafu na kamba za shingoni huachwa chini. Miguu iwe mitupu au iwe na viatu vinavyoshika, si malapa wala gambuti.

Asiyeweza kupanda mwenyewe hapandishwi. Mtoto aliyeinuliwa hadi tawini amefika mahali ambapo mwili wake haujui njia ya kurudi.

Shina lipakwe mstari wa chokaa kwa kimo cha mtu mzima aliyeinua mkono. Mguu wa mtoto usivuke mstari huo. Mstari unaoonekana huzuia ubishi.

Mti uliolowa haupandwi. Na mvua za Kakamega huja mchana na radi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kila mtoto ashuke na aingie ndani ya nyumba. Asikae chini ya mti, kwa kuwa radi hupiga vitu virefu na aliye chini yake hupigwa pamoja navyo.

Akianguka

Hata penye uangalifu wote, mtoto anaweza kuanguka. Mtu mzima asikimbilie kumwinua. Amwulize jina lake, aone kama anajibu. Kama amezimia hata kwa muda mfupi, anatapika, ana usingizi usio wa kawaida, au anasema shingo au mgongo unauma, asisogezwe ila kwa lazima, kichwa na shingo vikiwa vimenyooka, na msaada uitwe kwa nambari 999 au 112. Bodaboda si gari la mtoto aliyeumia mgongo.

Mtoto anayeanguka hutanguliza mkono, kwa hiyo mfupa unaovunjika mara nyingi ni wa mkono. Mkono huo usivutwe wala usichuliwe. Uwekewe kipande cha katoni na ufungwe kwa kitambaa jinsi ulivyo, kisha mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vidole vitazamwe kila mara. Vikiwa baridi, vyeupe, vya bluu au vimekufa ganzi, damu haipiti, na hiyo ni dharura ya saa, si ya kesho.

Hapa pana neno zito. Wako watoto waliopoteza mkono si kwa kuanguka bali kwa bendeji. Mfupa uliofungwa kwa fito zilizobana mno, siku tatu au nne, mtoto akilia na kuambiwa avumilie, huisha kwa nyama kuoza. Mzazi anayemheshimu mfunga mifupa wa kijijini amheshimu, lakini picha ya mfupa ipigwe kwanza, na kilio cha mtoto aliyefungwa kisipuuzwe.

Maumivu ya tumbo baada ya kuanguka nayo yasisubiri asubuhi, hata kama ngozi haina jeraha.

Mti mmoja kwa watoto

Kaunti inahitaji miti ya mbao, ya kuni, ya mito na ya soko. Hakuna anayeombwa kung'oa mikaratusi yake ya nguzo au kuiacha miparachichi yake ya kuuza. Kinachoombwa ni mti mmoja katika kila boma, au mmoja kwa boma tatu ambazo watoto wake hucheza pamoja: mpera au mwembe mfupi uliopandikizwa, mbele ya macho, juu ya ardhi laini, uliopogolewa tangu mche. Shule zenye uwanja mpana zinaweza kuupa mukhuyu au mutoto nafasi ambayo boma haina.

Anayetaka ushauri wa mche unaofaa udongo na kimo cha mahali pake amwone afisa wa kilimo wa wadi yake, au ofisi ya Huduma ya Misitu ya Kenya iliyo karibu. Mashimo yachimbwe kabla ya mvua ndefu: upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, udongo wa juu ukiwekwa kando na kuchanganywa na samadi iliyooza. Mtoto mwenyewe apewe kopo la maji na kazi ya kuumwagilia kila jioni ya kiangazi. Mtoto aliyeupanda mti kwa mkono wake huuchunga, na siku atakapoupanda kwa miguu atakuwa ameujua tangu ulipokuwa na majani manne.